Mkausha Maji wa Kinoru

Watu wengi wakikutana na mtu humtazama usoni. Misheck Gitari alianzia miguuni, na miguu ndiyo iliyompa ulaji.

Adhuhuri moja alikuwa ameketi kwenye kibanda cha chipsi cha Mama Mbaabu, karibu na uwanja wa Kinoru, akawaona makarani wamevua viatu chini ya meza. Ilikuwa miaka ile ofisi za Meru zilipoanza kuletewa kompyuta, na watu waliozoea kupanda na kushuka ngazi na mafaili sasa walikaa vitini kutwa nzima. Miguu ilikuwa imefura, soksi zimeacha mitaro kwenye vifundo, matumbo yameisukuma mikanda hadi tundu la mwisho. Na bado walizinyunyizia chipsi chumvi kabla hata ya kuzionja.

Misheck akatabasamu. Maji yale aliyajua. Kwao Siakago, kwa Wambeere, alikuwa dalali wa mbuzi, na kila usiku wa kuamkia soko aliwalambisha mbuzi wake chumvi, kisha asubuhi akawaachia maji wanywe mpaka basi. Mbuzi aliyekuwa mbavu tupu jana aliingia sokoni leo na tumbo la diwani. Mnunuzi alifika nyumbani akivuta ngozi na pembe, maji yote yamebaki njiani. Wenyeji walipomshtukia, Misheck alihamia Meru, ambako jina lake lilikuwa bado safi. Kule alijaza maji. Huku angeyakausha.

Wiki haikuisha kabla hajapata koti jeupe na kibao: DAKTARI M. GITARI, MKAUSHA MAJI. Dawa yenyewe ilikuwa magunzi ya mahindi yaliyochomwa, yakasagwa, yakatiwa kwenye vikopo. Magunzi aliyaokota bure. Akili yote aliiweka kwenye masharti.

"Hii dawa ni kali, madam," alimwambia Lydiah, karani wa kwanza kuingia mtegoni. "Chumvi ya mezani usiguse. Chipsi, soseji, soda, achana nazo mpaka umalize kopo. Maji safi kunywa tu, usiogope. Kila saa inuka kwa hiyo kiti utembee. Jioni lala chali, uinue miguu juu ya ukuta."

"Na nikikosea moja?"

"Dawa inakasirika. Ukishindwa na masharti, usiseme dawa iko na makosa."

Mtu aliyevimba mguu mmoja tu, au anayehema akipanda ngazi, alimfukuza aende hospitali upesi. Usidhani ni huruma. Aliogopa kesi.

Baada ya wiki chache pete ya Lydiah, iliyokwama kidoleni tangu harusi, ilianza kuzunguka yenyewe. Lydiah akalia machozi na kulishukuru kopo. Hakushukuru kutembea, wala kuacha chumvi. Alilishukuru kopo la majivu! Waliovunja masharti nao walijilaumu wenyewe. Mwalimu Koome, aliyefumaniwa na soseji mdomoni, alikuja mwenyewe kuiomba dawa msamaha, akanunua kopo la pili kama fidia. Watu waliosoma mpaka wakavaa tai! Ungewaambia bure wapunguze chumvi, wangekucheka. Wauzie majivu, wanakuita daktari. Wahenga hawakukosea: wajinga ndio waliwao.

Lakini Misheck alitaka zaidi ya vikopo. Alimtaka Kiende, binti ya Mzee Mutembei, ambaye alikuwa na safu ndefu ya nyumba za kupangisha pale Kinoru. Kiende alikuwa mzuri; zile nyumba zilikuwa nzuri zaidi. Mzee alikuwa na neno moja tu.

"Jumamosi wazee watakuja hapa," alimwambia. "Ulete kondoo dume, mnono. Kondoo bila mafuta ni matusi, na mimi situkanwi kwangu. Ukishindwa, kuna kijana anaitwa Kaberia. Naye ameuliza."

Basi ndoa, nyumba na kodi ya kila mwezi zikawa zimening'inia kwenye shingo ya kondoo mmoja. Misheck alijua mbuzi kuliko mbuzi wenyewe wanavyojijua, lakini kondoo wa nchi ya baridi, wenye manyoya mazito, hakuwahi kuwashughulikia. Kuuliza hakuweza, daktari anauliza nani? Kununua nako kulimuuma.

Ndipo Mama Mbaabu alipobisha hodi. Jina lake lilikuwa Cicily Gacheri, mjane, mzaliwa wa Timau kwenye baridi na kondoo, na kibanda kile cha chipsi ndicho kilichowalisha watoto wake.

"Daktari, umenimaliza. Watu wameogopa chipsi zangu. Viazi vinaozea kwa gunia."

"Pole, mama. Lakini naweza kuzipima chipsi zako nizipitishe, niwaambie ziko sawa."

"Na kupima ni pesa ngapi?"

"Si pesa. Ni kondoo dume, mnono. Jumamosi asubuhi."

Mama Mbaabu akavuta kiti, akaketi. "Kondoo kwetu wako. Lakini nisaidie nielewe, Daktari. Hiyo chumvi hufanya nini kwa mwili?"

Hapo Misheck alipaswa kufunga mdomo. Lakini mjanja ana ugonjwa mmoja usio na dawa: werevu wake humwasha mpaka mtu mwingine auone. Akamweleza yote, chumvi inavyoyashika maji mwilini, kisha akaangua kicheko na kumsimulia mbuzi wa Siakago.

"Na hayo maji hukaa mpaka lini?" aliuliza Mama Mbaabu, macho yamemtoka kwa mshangao.

"Masaa tu. Akitembezwa kidogo, yote yanashuka."

"Kumbe! Kweli kuishi ni kusoma."

Ijumaa adhuhuri Misheck alisimama mbele ya kibanda na koti lake jeupe, akaweka chipsi moja ulimini, akafumba macho, akatangaza kwamba chipsi za Mama Mbaabu zimepita. Mwalimu Koome alikula sahani mbili papo hapo. Kufikia jioni foleni ilikuwa imefika barabarani.

Jumamosi kondoo akashushwa kutoka kwenye pikapu ya Timau. Alikuwa mkubwa, manyoya yamemjaa, tumbo limekaza. Misheck alimpiga kofi tumboni, likalia kama ngoma. Mgongo aliutazama tu, akaridhika na upana wake. Kwa mbuzi, mgongo huonekana kwa macho.

"Pikapu ikufikishe?" aliuliza Mama Mbaabu.

"Hapana. Nitatembea naye. Wapangaji wamjue landilodi wao mpya."

"Ni vizuri," alisema mama. "Kutembea ni afya. Si wewe ulitufundisha?"

Walipofika kwenye lango la uwanja, kondoo akasimama, akakojoa. Hatua chache mbele, akasimama tena. Kwenye duka la dawa za ng'ombe alikojoa kwa muda mrefu hivi kwamba wateja walitoka kutazama. Misheck alivuta kamba, akabembeleza, akatukana kwa Kimbeere. Mtu aliyekula kwa kukausha maji sasa angemlipa yeyote wa kuyazuia.

Kwa Mutembei wazee walikuwa wameshakaa. Mzee akainuka, akampita Misheck, akayagawanya manyoya kwa vidole na kuubonyeza mgongo wa kondoo. Akabonyeza tena. Akamwita mzee wa pili, naye akabonyeza.

"Huyu amevaa koti," alisema Mutembei polepole. "Ndani ni mifupa. Kijana, unaletea wazee manyoya?"

"Mzee, asubuhi alikuwa mnono, naapa!"

"Mpeni maji jameni," alisema Kiende kutoka mlangoni. "Huyo kondoo ana kiu. Na Baba, huyu mtu asirudi hapa."

Wazee walicheka mpaka mmoja akatafuta leso. Misheck aligeuka kutoroka, akakutana uso kwa uso na Mama Mbaabu, aliyekuwa akiingia na karai la chipsi. Mutembei ndiye aliyemwagiza, kwa kuwa siku hizi chipsi zake zilikuwa zimepitishwa na daktari.

"Umenipa kondoo gani, wewe mwanamke?"

"Wako, Daktari. Nimemtunza vile ulinifundisha." Kisha akageuka, akawasimulia wazee habari ya mbuzi wa Siakago na ya vikopo vya majivu, mwanzo hadi mwisho, bila kuacha hata pembe.

Misheck akafungua mdomo ajitetee. Mama Mbaabu akamwinulia kidole.

"Ukishindwa na masharti," alisema, "usiseme dawa iko na makosa."

Misheck akaondoka, kondoo akimfuata nyuma kwa kamba, wote wawili wamenywea. Mama Mbaabu akawapakulia wazee, na mmoja wao aliponyoosha mkono kuchukua chumvi, akaisogeza mbali.

"Kidogo tu, mzee," alisema. "Hiyo miguu utaihitaji kwa harusi ya Kaberia."