Gari la Baba Halipitwi

Jumatatu, 8 Septemba

Dada Chiku kakubali! Jumamosi nampeleka bintiye Najma ukumbini Upanga kwa Crown ya marehemu baba. Mabibi harusi wote wa nyumba yetu ya Kariakoo walitoka kwa gari hilo, Chiku mwenyewe akiwemo. Namwona baba hadi leo: kofia nyeupe, mkono mmoja kwenye usukani, matarumbeta mbele, mtaa mzima barazani. Hakuna aliyethubutu kumpita. Kwetu gari la bibi harusi halipitwi, basi.

Sharti la Chiku: likizingua mara moja tu, Najma anahamia Harrier ya jirani Theophil, muuza vitenge. Theophil! Gari lake lina kumbukumbu gani?

Mwezi uliopita nililifungia supachaja, mtambo wa kusukumia injini hewa nyingi. Leo nimelijaribu. Taratibu, safi. Nikikanyaga mafuta hadi chini, linanywea na kukohoa. Bajaji imenipita. Ilikuwa imebeba godoro!

Jumanne, 9 Septemba

Mtaa wa Gerezani, kwa fundi Abubakary. Kataka aanze na chujio la hewa. Nikakataa katakata, nikamdanganya kuwa ni jipya.

Ukweli: chujio limezungushiwa kanga ya mama. Baba ndiye aliyeanza, kuzuia vumbi la Kariakoo. Kila Ramadhani mama alimpa kanga nyingine, wakicheka wawili hao kama wachumba. Hiyo ni ya mwisho. Mama hayupo, baba hayupo, nami nifungue kisanduku cha chujio mbele ya mafundi wenye grisi? Sithubutu.

Abubakary kabadilisha plagi. Kabadilisha pampu ya mafuta. Gari bado linanywea. Kaniuliza tena kuhusu chujio. Nikamuuliza habari za watoto.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimegundua dawa! Puli ndogo zaidi, lile gurudumu la mkanda, ili supachaja izunguke kasi zaidi. Abubakary kasema itataka hewa nyingi zaidi, na isipoipata gari litakabwa zaidi. Nikamwambia apunguze uoga.

Limekabwa zaidi. Mkokoteni wa viazi umenipita, na mwenyewe kanipa pole.

Severa, mke wa Theophil, kapita kumwambia Chiku kuwa Harrier imeshaoshwa, endapo itahitajika. Endapo! Jioni nikamwendea Gaudens, kiongozi wa matarumbeta, nikamwomba wapige nyimbo za polepole na gari lao litambae. Msafara ukitambaa, nani atajua?

Jumamosi, 13 Septemba

Ilianza vizuri mno. Tulitambaa. Vigelegele toka madirishani, Najma kiti cha nyuma, mimi na kofia ya baba. Kwa dakika chache Kariakoo ilikuwa ile ile ya zamani, na moyo ulinijaa.

Tulipokaribia Upanga, Theophil akasogea ubavuni. Eti Severa ampige picha Najma! Nikasahau yote, nikakanyaga hadi chini. Gari likakohoa, likazima katikati ya barabara.

Abubakary, mwalikwa kama wengine, kafungua boneti na kisanduku kabla sijashuka. Kaivuta kanga, nyeusi kwa vumbi. Kasema injini ilikuwa inavuta pumzi kupitia blanketi.

Najma akashuka na shela lake. Akauliza kama ni ya bibi. Nikasema ndiyo, nikalia mbele za watu. Akaikung'uta, akajitanda mabegani juu ya gauni jeupe, akanibusu mkono. Kisha akapanda Harrier.

Abubakary akaniambia nijaribu sasa. Nikajaribu. Mashallah! Liliruka! Nikaupita msafara, nikayapita matarumbeta, nikaipita Harrier nyeupe, nikafika ukumbini wa kwanza huku nikipiga honi.

Chiku alikuwa mlangoni na wanawake wote, tayari kwa vigelegele. Akaangalia kiti cha nyuma. Akaniuliza nimempita nani njiani.

Jumapili, 14 Septemba

Chiku haongei nami. Najma katuma picha, kajitanda kanga ile ile. Harudishi, kasema. Nimeitazama sana picha hiyo, machozi yakanitoka tena.

Nimetafakari kwa utulivu. Gari liliruka kwa sababu ya puli, ila ilichelewa kuzoea. Kesho nitatafuta ndogo zaidi. Lakini chujio sasa liko uchi, na vumbi la Kariakoo halina adabu. Nimefungua sanduku la mama. Kanga zimekwisha, ila lipo shuka lake la kitandani, zito, zuri. Limezunguka mara nne.