Machapisho Mia Mbili na Kumi na Manne ya Mkono Mmoja

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kunikaribisha. Waheshimiwa wajumbe wa kamati ndogo ya kuikagua kamati hiyo. Profesa wetu mbobezi, bingwa wa kiharusi na viungo vilivyogoma kazi. Madaktari, wauguzi, wapishi wa wodini. Na nyinyi wagonjwa wapendwa mlioketi pamoja na mlioshindwa kuketi, itifaki imezingatiwa.

(Makofi. Mimi sikupiga, nilikuwa nimepakata mkoba wa mume wangu wenye shuka na kandambili, maana barua ilisema leo anapokewa kwenye Kituo kipya cha Utengamao, akanyooshwe viungo. Mkono wake wa kulia haujavuka kidevu tangu augue, mwaka wa sita sasa.)

Ndugu zangu, nilipokabidhiwa dhamana hii, ambayo niliistahili, nilijiuliza swali la kistratejia: je, mwananchi aliyepooza anahitaji nini? Wenye upeo mfupi walisema anahitaji mtu wa kumnyoosha mkono. Nikawaambia hapana, anahitaji machapisho. Na leo nasimama kifua mbele kutangaza kwamba kupitia Mpango Mkakati Jumuishi wa Utengamao Endelevu, Profesa huyu mnayemwona ametoa machapisho mia mbili na kumi na manne katika majarida ya kimataifa, yaani moja kila siku kumi kwa miaka sita, bila kupumzika, bila kuugua, na kwa kuheshimu mipaka ya taaluma, bila kumgusa mgonjwa.

(Vigelegele vya wafanyakazi, waliokwisha kukonyezwa na mkubwa wao. Wifi yangu akaniuliza, "Hayo machapisho yanamezwa au yanapakwa?" Nikamwambia nyamaza wewe, huenda ni ya kuchua.)

Tukija kwenye takwimu, Profesa amenukuliwa mara elfu tatu, na kati ya hizo mara elfu mbili na mia tisa amejinukuu mwenyewe, jambo linaloonyesha kujiamini. Sampuli yake ni ya wagonjwa wanne, ambao kwa kanuni ya ufanisi ni mgonjwa mmoja aliyepimwa Alhamisi nne. Chapisho la kumi na saba ni kiwiko; la themanini ni kidole gumba; na kidole cha mwisho, ambacho wenye wivu walitaka kiachwe nyuma kimaendeleo, kimepewa toleo maalumu peke yake.

(Mume wangu akakitazama kidole chake cha mwisho kana kwamba kimefaulu mtihani. Profesa alikuja kwetu Alhamisi nne na tepu ya kupimia, chai yangu akainywa, akasema anamwandalia nafasi.)

Kwa upande wa miundombinu, picha hii ukutani inaonyesha mtambo wa kuvutia uzani: kamba imepitishwa juu ya mlango, ncha moja ina ndoo ya mchanga, ncha ya pili ina mgonjwa. Picha inayofuata ni ya mfumo wa uhamasishaji kwa sauti, ambao umeongeza nguvu za misuli kwa asilimia arobaini, na ambao Profesa ameunakili neno kwa neno: "Vuta, mwanamume wewe, ndoo haikuonei huruma na mimi pia sikuonei."

(Kicheko ukumbi mzima. Mlango ule ni wa jiko langu, na maneno yale ni ya kinywa changu, kila asubuhi kabla sijamwekea chai. Nikasimama. "Mkubwa, huo mtambo ni kamba yangu ya kuanikia nguo. Kituo kiko wapi?" Mlinzi akaniambia, "Bibi, kaa, kuna kipindi cha maswali." Nikamwuliza yeye amewahi kukiona, akanionyesha utepe uliofungwa mbele ya jukwaa.)

Nimeupokea mchango huo na utafanyiwa kazi katika awamu ya tatu. Profesa atapewa tuzo, nami nitapewa tuzo ya kumpa tuzo, na ifikapo mwisho wa Mpango kila mwenye kiharusi atakuwa na chapisho lake nyumbani, lililokunjwa vizuri, la kulala nalo. Sasa nikisema Utengamao, mseme Unasonga. Utengamao.

(Unasonga, wakaitikia wenye viti vya magurudumu, waliokuwa wanasogezwa nyuma kupisha kamera.)

Mikono juu.

(Nusu ya ukumbi haiwezi.)

Kwa kuhitimisha, nawashukuru nyote, na kwa namna ya pekee bibi huyu wa safu ya mbele, ambaye jiko lake ndilo Kituo katika machapisho yote, kwa kuwa Kituo chenyewe, ukiondoa utepe huu nitakaoukata sasa hivi, hatukuwahi kukijenga. Hivyo wagonjwa hamsini na wawili mlioletewa barua mtaripoti kwake Jumatatu saa mbili asubuhi, kila mmoja na ndoo yake.

(Mume wangu, mtu asiyemaliza sentensi mbele za watu tangu augue, akasema, "Mke wangu si kituo." Na mkono wa kulia ukapanda, ukapita kidevu, ukapita sikio, ukasimama juu ya kichwa, kidole kikimwelekea mkubwa. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Profesa akatoa kalamu.)

Hilo sasa ni la mia mbili na kumi na tano. Asanteni kwa kunisikiliza.

("Ushushe, mzee wangu," nikamwambia, "wasije wakaunukuu." Akagoma. Tukatoka naye hivyo hivyo, mkono juu, wifi nyuma na mkoba, hadi barabarani, ambako magari mawili yalisimama, madereva wakidhani tunaomba kupanda. Tukapanda la pili.)