Daktari Kinanda na Mashine ya Kusoma Dhahabu

Kinanda hakwenda kwa kinyozi kunyolewa, alikwenda kukaa. Kwenye kiti cha kinyozi watu huinamisha kichwa, hufumba macho, wakasema ukweli, na ukweli wa wenzake ndio uliokuwa mtaji wake. Jina alipewa na mtaa, kwa kuwa mdomo wake ulipiga wimbo wowote ambao msikilizaji alipenda kuusikia. Aliishi kwa dada yake, fundi cherehani, ambaye kila asubuhi alimuuliza, "Leo unakwenda kumliza nani?"

Siku hiyo kiti cha pili kilikaliwa na sonara mwenye tumbo la heshima.

"Wananiletea dhahabu za uongo mpaka nimechoka," alimlalamikia kinyozi. "Kule chuo kikuu kuna Profesa ana mashine ya leza. Inapiga kitu kwa mwanga, cheche inaruka, na ile cheche inataja yenyewe: hapa shaba, hapa fedha, hapa dhahabu. Ningeipata ile, ningelala usingizi."

Kinanda akafumbua jicho moja. "Bosi, usingizi ni haki ya kila raia. Mimi pale nipo."

"Upo kama nani?"

"Mtafiti."

Sonara hakuuliza zaidi. Mtu anayetaka mali ya umma kwa bei ya chee huwa hana maswali mengi. Alivua mkufu wake mnene, akamvisha Kinanda kuwa kishika uchumba.

Kesho yake Kinanda aliingia maabara akiwa ndani ya suti ya mteja wa dada yake, iliyokuja kupunguzwa kiuno. Hakupata hata nafasi ya kusalimu.

"Wewe ndiye mtafiti mpya?" aliuliza Profesa, mzee mwembamba mwenye haraka. Mtafiti aliyetarajiwa alikuwa amepata akili njiani, akageuza.

"Ndimi."

"Uzamivu umemaliza?"

"Profesa, nimezama mpaka nikagusa tope."

"Safi. Mkataba miaka mitatu. Mshahara utaanza fedha za mfadhili zikifika. Makala utaandika wewe, jina litatangulia langu. Miwani ya kinga ile pale."

Kinanda hakuwahi kukutana na mtu anayemtapeli mwenzake haraka kiasi kile. Alihisi kitu kama wivu.

Tatizo lilikuwa mashine. Alitegemea kitu cha kubeba kwapani. Alikuta meza ya chuma pana kama kitanda cha maharusi, na juu yake leza, vioo na lenzi, vyote vimekazwa kwa bolti.

"Hii hufunguliwa lini?" aliuliza, akijifanya mtu wa kupenda ufundi.

"Tukihamia jengo jipya."

Basi akangoja. Na kungoja ndani ya maabara, kwa lugha ya kitaalamu, kunaitwa utafiti.

Ili asishtukiwe ilimbidi afanye kazi. Alitwanga udongo, akaushindilia uwe vidonge, akapanga vioo mpaka macho yakatoa machozi, kwani kioo kikihama unywele mmoja tu, mwanga unapotea. Leza ilipopiga, cheche ndogo kuliko punje ya mchele iliruka, na kwenye skrini vikachomoza vilima. Kila elementi ilikuwa na vilima vyake na mahali pake. Taratibu akaanza kuvitambua: hii chuma, hii kalisi, kama mtu anavyomtambua jirani kwa mwendo. Mara nyingine alisahau kabisa kwamba amekuja kuiba.

Alasiri moja, akiwa peke yake, alivua mkufu akauweka mbele ya leza. Cheche ikaruka. Vilima vikapanda: shaba, kisha zinki. Mahali pa dhahabu palikuwa tambarare kama uwanja wa mpira. Alirudia. Uwanja ule ule.

Alikwenda dukani kwa sonara akihema. "Mzee, umenivisha shaba!"

Sonara akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Nilikuwa naijaribu mashine, mdogo wangu. Sasa nimejua inafanya kazi. Nipeleke niione, dhahabu yenyewe utapata mzigo ukifika."

Kinanda akampeleka. Walikuwa wamesimama mbele ya leza Profesa alipotokea.

"Huyu… huyu ni mfadhili," alisema Kinanda.

Uso wa Profesa ukafunguka kama mlango wa ukumbi wa harusi. Alimshika sonara mkono, akampeleka ofisini kwa chai, akafunga mlango. Kinanda alibaki nje akipangusa lenzi, akiwasikia wanavyocheka. Mjanja mwenzangu, mlango ukifungwa na wewe uko nje, ujue anayezungumziwa ni wewe. Lakini yeye alikuwa ameshaanza kuota dhahabu.

Siku ya kuhama, lori lililokuja ni lile alilopanga na sonara liupeleke mzigo dukani. Kinanda alifungua bolti kwa mikono yake, akabeba, akafunga kila kioo kwa blanketi. Profesa akapanda mbele na dereva. "Wewe baki ufagie," alisema.

Jioni Kinanda alifika dukani. Leza ilikuwa nyuma ya kaunta, tayari imefunikwa kitambaa.

"Changu kiko wapi?"

"Nimemalizana na Profesa mwenyewe. Saa hizi yuko angani, kapata kazi ng'ambo," alisema sonara kwa upole wa kufisha. "Dalali wa nini tena? Ukiona nimekudhulumu, nenda polisi ukaeleze ulikuwa unauza nini."

Asubuhi Mkuu wa Kitivo, mama mmoja asiyepandisha sauti, alimkuta kwenye maabara tupu.

"Daktari, mashine iko wapi?"

Kinanda aliona jela ikimfungulia mikono, kwa wizi ambao aliupanga yeye akala mwingine. Akaamua kufanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mama, mashine kauza Profesa. Na mimi si daktari. Mimi ni tapeli. Sijui chochote. Naomba unifukuze."

Mama akavuta kiti, akamtazama kwa huruma.

"Mwanangu, watafiti wote hujiona hivyo. Hata mimi, baada ya uzamivu, nilidhani siku moja watanigundua. Ni ugonjwa wa kawaida wa wasomi."

"Mama, mimi ni tapeli wa kweli!"

"Unyenyekevu huo ndio Profesa alioukosa. Wakaguzi wanakuja, polisi watamfuatilia yeye, na mtu pekee aliyebaki anayeijua ile mashine ni wewe. Kuanzia leo wewe ni kaimu mkuu wa maabara. Mkataba wako ni ule ule. Wanafunzi wako mlangoni, wana maswali." Akamwachia funguo.

Kinanda alimpigia dada yake simu kwa sauti ndogo.

"Dada, nimepata kazi."

"Masikini mdogo wangu," alisema dada. "Wamekufunga miaka mingapi?"

"Mitatu," alijibu Kinanda, akaenda kuwafungulia wanafunzi.