Maziko ya Korosho za Kompyuta

Mdomo wa Hamudi ungekuwa shamba, ukoo wao mzima ungekula mwaka mzima na kubakiza mbegu. Bahati mbaya shamba halikuwepo, wala kazi. Alichokuwa nacho pale mjini Masasi ni bisibisi, fulana iliyoandikwa FUNDI mgongoni, na mapenzi yasiyo na breki kwa Zuhra, binti wa Mzee Shamte wa Chiwata.

Mzee Shamte naye hakumung'unya maneno. "Kijana, porojo zako zimenitosha mpaka uzeeni. Jumamosi niletee gunia la korosho zilizobanguliwa. Usipoleta, Nasibu mpuliza salfa ya mikorosho anaoa."

"Gunia zima, baba?"

"Lete nusu, uoe nusu."

Sasa, gunia la korosho zilizobanguliwa si mchezo. Waliowahi kuzibangua, moshi ukiwatoa machozi na utomvu ukiwachubua vidole, wanalijua hilo. Hamudi hakuwahi kubangua hata moja. Alikuwa stendi akijionea huruma alipomsikia mama mmoja wa Newala akimlalamikia mwenzake kwamba simu yake iliingia maji, akaifukia kwenye mchele, na bado imenuna. Hamudi akasogea, uso umejaa majonzi.

"Shikamoo mama. Nani kakushauri mchele?"

"Marahaba. Watu tu."

"Watu wa bondeni hao. Ninyi kule juu mna ukungu. Simu ya ukungu inatibiwa kwa korosho. Na lazima ziwe zimebanguliwa, maana ganda linazuia mtandao."

Yule mama aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeelezwa jambo alilokuwa akilihisi muda mrefu. Hamudi akajua kazi imepatikana.

Kesho yake alikuwa Chilangala, huko huko Newala kwa yule mama, uani kwa Bibi Josephina, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wabanguaji. Walimjia na simu zao zilizoganda na zilizokataa chaji, kila mmoja na beseni la korosho kwapani. Hamudi akipokea simu aligeuka upande, akachokonoa tundu la chaji kwa njiti kavu, akafuta picha za maua zenye maandishi ya asubuhi njema zilizojaa humo mpaka simu inahema, kisha akaizima. Hapo ndipo alipoifukia kwenye beseni, akafumba macho, akanong'ona, "Bluetooth, megabaiti, shuka, shuka." Akiiwasha, inawaka. Akina mama wakapiga vigelegele.

Tumtendee haki: mawaidha yake yalikuwa ya kweli tupu. "Simu msiichaji chini ya mto, itapata joto. Msiianike juani na korosho. Mara mojamoja izimeni ipumzike, hata Mungu siku ya saba alipumzika." Hilo la Mungu liliwagusa sana wanakwaya waliokuwemo. Walaghai wengi huwa na ukweli mfukoni, na huutoa kabla ya kitu kingine.

"Na korosho hizi?" aliuliza Anifa, mwanamke mwenye macho makali ambaye beseni lake lilikuwa kubwa kuliko yote.

"Msiziguse. Zimefyonza virusi vyote. Ukila moja, kila simu ikiita utatetemeka wewe."

Wakazimimina kwenye gunia lake kwa ncha za vidole.

Lakini gunia lilifika nusu tu, na Hamudi hakutaka kuoa nusu. Ndipo ikaletwa kompyuta ya kikundi, kubwa, ya kizamani, inayonguruma kidogo na kuzimika. Alipolifungua sanduku lake akakuta vumbi la kutosha kupanda muhogo, na mjusi aliyekuwa akiishi humo na familia. Akawahamisha kwa heshima, akapuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli, akafunga.

"Mgonjwa huyu mzito," alisema. "Huyu lazima afukiwe mpaka shingoni."

Zikaletwa korosho ambazo kikundi kilikuwa kimezitunza kwa ajili ya mnunuzi. Kompyuta ikazikwa, ikafukuliwa, ikawashwa, ikafunguka vizuri kabisa. Gunia likajaa mpaka mdomoni. Hamudi alilishona huku akipiga mluzi. Alikuwa anamwona Zuhra.

"Unazipeleka wapi?" aliuliza Anifa.

Angesema anazitupa, mambo yangeisha. Lakini mdomo ule haukuzoea neno moja. "Nakwenda kuzizika," alisema kwa sauti ya mchungaji. "Masasi, nyuma ya milima, mbali na watoto. Zimekufa zikituokoa."

Bibi Josephina akajifunga kanga upya kiunoni.

"Mwanangu, zimekufa hapa, zimekufa kwa ajili yetu, halafu zikazikwe ugenini kama hazina ndugu? Haiwezekani. Tutazika hapa hapa. Na hatuziki bila watani."

Akaitoa simu yake, ile ile aliyoiponya Hamudi, akawatumia ujumbe watani wa ukoo wake. Ukaenda upesi ajabu.

Kwa asiyejua: ukoo wenye msiba una ukoo wa watani, na watani wakifika msibani ndio wenye amri. Watalala kaburini mpaka wapewe kitu. Watamcheka marehemu, watatwaa wanachokitaka, na mfiwa akikasirika, aibu ni yake. Hamudi alilijua hilo tangu utotoni. Alijaribu kuaga, lakini wanawake walikuwa wameshamkalisha mkekani katikati yao na kumfunika kanga. Yeye ndiye aliyekuwepo marehemu walipokata roho, kwa hiyo yeye ndiye mfiwa.

Mchana watani wakaingia kwa bodaboda. Wa kwanza kushuka alikuwa Mzee Shamte wa Chiwata.

"Shikamoo baba," Hamudi alisema kutoka chini ya kanga.

"Leo mimi si baba, mimi ni mtani," alisema Mzee Shamte. "Marehemu yuko wapi? Huyu mnene aliyeshonwa mdomo?" Akalikalia gunia. "Haziki mtu hapa. Kwanza tunamwosha." Akatoa kisu, akachana uzi, akachota kiganja kizima.

"Zina virusi," alisema Anifa.

"Mtani haogopi kilichomuua marehemu," alisema Mzee Shamte, akatafuna.

Watani wote wakajitosa. Hamudi alitazama mahari yake ikipita katika koo la yule yule aliyeidai. Akisema korosho ni safi, atakuwa amejitangaza mwizi mbele ya wenye korosho na mbele ya mkwe. Akinyamaza, gunia linakwisha. Moyo ulimuuma waziwazi, machozi yakamtoka. Akina mama wakampapasa mgongo, wakasema fundi ana huruma.

Zilizobaki watani waligawana kwenye mifuko yao. Mzee Shamte akafunga fungu lake nyuma ya bodaboda, kisha akarudi mkekani na kuinama sikioni kwa Hamudi.

"Utani umekwisha, sasa nasema kama baba. Jumamosi ni keshokutwa, nami sioni unajiandaa."

"Baba, nina msiba."

"Naona. Pole sana." Akamwekea korosho moja kiganjani. "Kula, upate nguvu. Nasibu ameshaleta gunia lake, ila zake ngumu. Hizi zimebanguliwa na watu wanaojua kazi."

Hamudi akaila. Ilikuwa tamu kweli. Anifa, aliyekuwa amekaa mkabala naye, akaitoa simu yake kifuani, akaipiga ya Bibi Josephina, na ilipoita, wanawake wote wakamgeukia Hamudi waone kama atatetemeka.