Mkanyagaji Mwakilishi wa Gorna Krusha

Halmashauri ya Mji wa Gorna Krusha ina furaha kuwatangazia wananchi wote, wakiwemo wale waliohamia Ujerumani na kutuachia mama zao, kwamba mapenzi ya watu wenye ulemavu sasa yamewekewa utaratibu. Zamani yalikuwa yanajiendea tu kama mbuzi aliyekata kamba. Mtu alimpenda mwenzake bila kupitia ofisi yoyote.

Kanuni za Utayari wa Ndoa nimeziandika mimi, Spiridon Tanchev, Mkuu wa Idara ya Ustawi. Kifungu cha kwanza bado hukisoma mwenyewe ninapokosa usingizi: mtu yeyote mwenye upungufu wa mwili au akili, uwe wa kudumu au wa muda, hataoa, hataolewa, hatalala chumba kimoja na mwenzi wake wala kufunga mlango kwa ndani, mpaka Tume ijiridhishe. Maneno "au wa muda" niliyaongeza dakika za mwisho ili waraka ujaze ukurasa. Meya alisema yana uzito.

Mwenyekiti wa Tume ni mimi. Wajumbe ni Bi Ganka wa Fedha na Daktari Mutafov, ambaye ni daktari wa mifugo, maana wa binadamu alishakwenda Munich. Kiti cha nne ni cha mwakilishi wa walengwa. Hicho tulikiacha wazi, kwa heshima.

Waombaji wetu wa kwanza walikuwa Velika na Nayden, wakazi wa Nyumba ya Matunzo iliyo nyuma ya stesheni. Velika hutumia kiti cha magurudumu cha umeme, chuma kizito cha msaada kutoka Sweden, na maneno humtoka polepole kwa sababu misuli ya mdomo haimtii. Nayden anaoka mikate. Kusoma kulimshinda, na mambo mengi humchukua muda kuyaelewa, ila kumwelewa Velika hakukumchukua hata siku moja. Walikuwa wakiomba mambo mawili: ndoa, na chumba kimoja chenye ufunguo.

Tuliingia chumbani kwa Velika kwa utaratibu wa Nyumba, yaani unaingia kwanza, kisha unabisha hodi ukiwa ndani, kuokoa muda. Nayden alikuwa amepiga magoti akimvalisha soksi.

"Hodi," nikasema, nikiwa nimeshaketi kitandani.

"Karibu, bwana mkubwa," akajibu Velika. "Maadamu umeshafika kitandani, si uvue na viatu kabisa?"

Nililipuuza hilo nikaanza usaili.

"Bwana Nayden, ndoa ni nini?"

Nayden akafikiri mpaka Bi Ganka akamaliza kipande kizima cha banitsa, mkate wa jibini aliokuwa ameuoka Nayden mwenyewe.

"Ni kulala na mtu," akasema, "na asubuhi ukiamka unamkuta yuleyule."

"Mimi hilo limenishinda mara mbili," akasema Daktari Mutafov.

"Na mkigombana?" nikauliza.

"Yeye hununa," akasema Velika. "Mimi humngoja. Akichoka kununa anakaanga mayai."

Bi Ganka akajipangusa macho. Nikamkumbusha kuwa Tume hailii wakati wa kikao.

Swali la mwisho ndilo lililotukwamisha. Kwetu hata mtoto anajua: maharusi wakishatia saini, hukanyagana mguu, na atakayewahi ndiye atakayetawala nyumba. Marehemu baba yangu alikanyagwa kalamu ikiwa bado mkononi, akaomba hela ya sigara mpaka siku ya kufa. Mimi mwenyewe mke wangu Zlatka alinikanyaga kwa kisigino, lakini nilikata rufaa. Sasa Velika, ambaye miguu yake haikanyagi, angeshindanaje? Tume haiwezi kubariki ndoa ambayo mmoja anaingia ameshashindwa. Haki ni haki.

Ndipo nikabuni wadhifa wa Mkanyagaji Mwakilishi. Mzigo huo, kwa moyo wa kujitolea, nikaubeba mwenyewe.

"Ngoja nielewe, mzee," akasema Velika. "Yaani wewe utamkanyaga mume wangu kwa niaba yangu?"

"Kwa niaba ya Halmashauri, kwa faida yako."

"Na wewe, nani atakukanyaga?"

"Mimi ni mtumishi wa umma, dada. Sikanyagwi."

Aliviangalia viatu vyangu.

"Haya," akasema. "Siku hiyo vaa viatu vyepesi, nakuomba. Usimuumize Nayden wangu."

"Mimi nataka ufunguo," akasema Nayden.

"Ufunguo wa nini?"

"Wa kufunga."

Nikamweleza kwamba chumba na ufunguo ni faili lingine, lenye ziara yake ya ukaguzi, na ziara itapangwa na Mwenyekiti akipata nafasi. Wangefunga ndoa, kisha kila mmoja arudi kwenye upande wake wa Nyumba, wanawake kushoto na wanaume kulia, wakisubiri. Nayden alimtazama Velika kama mtu aliyepewa mkate akakatazwa kuula. Sikuona tatizo. Mimi na Zlatka husalimiana kwa shida, na nyumba yetu imesimama.

Siku ya harusi ukumbi wa Halmashauri ulifurika. Msajili alisoma, maharusi wakasema ndiyo, Velika akatia saini kwa herufi kubwa zilizopinda, na msajili akawatangaza mume na mke. Waokaji wote wa mji wakapaza sauti: "Mguu! Mguu!" Mimi, nimevaa viatu vyepesi vya ngozi laini kama nilivyoombwa, nikapiga hatua mbele na kuinua kisigino juu ya kidole cha Nayden.

Nayden akavuta mguu. Kisigino changu kikatua sakafuni, na palepale kiti cha Sweden kikanipanda. Kilipanda taratibu, bila haraka yoyote, kikasimama juu ya mguu wangu.

"Shuka!" nikapiga kelele. "Ninakufa, shuka!"

"Naitafuta breki, bwana mkubwa," akasema Velika. "Ninyi mnajua mimi ni mtu wa polepole."

"Amemuwahi!" wakashangilia waokaji. "Amemkanyaga Halmashauri!"

Daktari Mutafov akanipapasa mguu na kusema kwamba ningekuwa farasi asingenipa matumaini. Mguu ulifungwa plasta mpaka gotini.

Kesho yake, nikiwa nimelala nyumbani kwangu, Tume iliingia. Bi Ganka alikuwa anakaimu uenyekiti, na nyuma yake alisimama fundi na bisibisi.

"Hodi," akasema Bi Ganka, akiwa ameshaketi kitandani. "Pole sana, Bwana Spiridon. Upungufu wa mwili, wa muda. Kifungu cha kwanza."

"Ganka, kifungu hicho nimekiandika mimi!"

"Ndiyo maana hatuthubutu kukivunja."

Fundi akang'oa kitasa cha chumba chetu. Zlatka akahamishiwa chumba cha wageni mpaka Tume ijiridhishe. Nilitegemea angepinga. Alichukua mto wake na redio.

Tangu hapo watu waliingia watakavyo: muuguzi, karani wa takwimu, mwanafunzi wa utafiti. Siku moja nilikuwa juu ya beseni la haja, pajama magotini, wakapita watatu wakijadili rangi ya mapazia. Mmoja aliniuliza kama ninamwelewa, kwa sauti ya kumsemesha mtoto. Walipotoka nililia. Ninaliandika hili bila kupunguza. Nililia kwa aibu.

Kisha asubuhi ya Ijumaa mlango uligongwa. Uligongwa kwa nje.

"Hodi," ikasema sauti ya polepole.

Nilingoja waingie. Hakuna aliyeingia.

"Hodi, mzee. Mimi Velika. Bi Ganka amenipa kile kiti cha nne. Nipo na wajumbe, fundi na mume wangu. Ukisema rudini, tunarudi."

Nikavuta pajama. Nikafunga vifungo, vyote. Hakuna aliyenikimbiza. Ndipo nikasema "Karibuni".

Nayden aliweka banitsa mezani. Velika akanisogelea, magurudumu yakiwa mbali na mguu wangu uliobaki mzima.

"Sisi bado tunalala huku na kule," akasema. "Ziara yetu inamngoja Mwenyekiti apate nafasi. Sasa naona nafasi unayo. Naomba tukifute kifungu cha kwanza."

"Kwangu?"

"Kwa wote. La sivyo, kwa wote kibaki."

Bi Ganka akainua mkono. Daktari Mutafov akainua, na Velika akainua wake, ukitetemeka, na hakuna aliyemsaidia. Mimi niliinua yote miwili. Nayden akauliza kama sasa ni ufunguo, na Velika akamwambia sasa ni ufunguo, leo hii.

Zlatka alikuwa amesimama mlangoni na redio yake kwapani. Uso wake ulikuwa umenawiri kwa usingizi.

"Mkuki kwa nguruwe," akasema, na hakuumalizia. Kisha akamgeukia fundi. "Na kitasa chetu, kaka, kirudishe leo."

"Naam, mama. Nikifunge hapahapa?"

"Hapana," akasema Zlatka. "Kwenye mlango wangu."