Bonyeza Hapa Kukodi Tena

Haitham alikuwa na ulimi wa kumuuzia samaki maji. Siku alipopita mtaa wa Kamenge na kumsikia Mama Jovithe, mwenye banda la kuonyeshea filamu, akilalamika kwamba wateja wamechoka na disiki zilizokwaruzika, aliona riziki imemwita kwa jina.

“Mama, mi nitakuletea tableti ya filamu mupya, za kununua kwenye mutandao. Orijino!”

“Zitakuwa zangu?”

“Zako, milele na milele!” akapaza sauti, wateja wote wasikie.

Kuhusu umilele huo alikuwa na uzoefu mchungu. Dada yake Afrah alimpa kadi ya benki ya duka lao la nguo, mtaani Rohero, aagizie vitambaa. Yeye akapitia kwenye mtandao wa filamu, akalipia tamthilia nzima, akidhani ameinunua. Kumbe amekodi. Kuihamisha kwenye flashi ikakataa, na kabla hajafika mwisho ikajifunga, asijue hata nani aliolewa. Maumivu hayo ndiyo yaliyompa akili: filamu za Jovithe zikijifunga, mama angempigia simu, naye angekuja na uso wa daktari bingwa kuzifungua, kwa malipo, tena na tena.

Akazikodi filamu kwa kadi ileile ya duka, akazijaza kwenye tableti; Jovithe akalipa, akaichukua. Haitham akakaa kusubiri simu ya mgonjwa.

Aliyepiga ni Afrah.

“Haitham! Kadi ya duka imekauka. Benki wanasema ni filamu. Filamu za mapenzi! We mutu muzima, Idi hii tutauza nini?”

Bingwa alikuwa amesahau kufuta namba za kadi ya duka kwenye tableti. Kila filamu ilipojifunga, kioo kiliandika: *Bonyeza hapa kukodi tena.* Na Jovithe, mama mtiifu, alibonyeza.

Alijaribu kuingia kwenye akaunti yake ya filamu kwa simu, apate kudai pesa zirudishwe. Mtandao ukamwambia kwa adabu aandike namba ya siri iliyotumwa kwenye tableti. Akakimbilia Kamenge. Banda lilikuwa limefurika.

“Mama, nisomee ile namba iliyotokea.”

“Apana. Imeandika: usimupe mutu yeyote, kuna wezi.”

“Mi si mwizi! Tableti ni yangu!”

“Ulisema ni yangu milele na milele,” Jovithe akajibu, na wateja wakaitikia kama kwaya, “Tulisikia!”

Haitham akakubali kimoyomoyo kwamba ulinzi ule wa mtandao, unaowatesa wanunuzi halali kila siku, leo ulikuwa umemkamata mwizi kweli, na ulikuwa haujakosea mtu.

“Mama,” akasema kwa sauti iliyopungua, “ile ilikuwa pesa ya duka letu. Dada atanifukuza.”

Jovithe akamtazama, akacheka mpaka akafuta machozi.

“Ulimi unao. Simama mulangoni, ita watu. Ukifanya kazi vizuri, nitamurudishia dada yako kidogo kidogo. Yeye, si weye.”

Haitham akasimama mlangoni, akajikohoza, akaanza kuita. Watu wakaja. Hakuna aliyejua kwamba wanashuhudia tukio la kihistoria: Haitham akiuza, kwa mara ya kwanza maishani, kitu kilichokuwepo.