Transistor Yenye Kufunguka Nusu

Asubui ile radio ilitangaza kama huku Kashuga kuko ingénieur mwenye kutengeneza kuvezi, ile sanduku ya kuangua mayai bila kuku. Mutangazaji alisema Kivu muzima utakuja kujifunza kwetu. Hata hakumaliza, Mama Thacienne akatokea na ile kuvezi yenyewe mikononi, imefunikwa na mablanketi mawili, na batri yake kwenye mugongo wa Ngabo.

Sisi wa benchi tuko tunakaa kila siku mbele ya karakana ya Magloire, ule ingénieur mwenyewe. Tunaleta simu kujaza courant, na simu zikijaa, sisi tunabaki ju maneno haijajaa bado.

— Ingénieur, Mama akaita, unasikia vile wanakutaja? Toka. Mayai inatetemeka.

Papa Sebarenzi, tunamuitaka Procès-Verbal ju alikuwa sekretere ya groupement, ofisi ya chef, miaka mingi, anaandika maneno ya mikutano, na hajaacha, akatengeneza koti.

— Tuandike vizuri. Mayai ni ya Mama. Baridi njo ya Ingénieur.

— Mi nilisema tangu juzi, Ngabo akasema, akitua batri. Yeye ni motard, anabeba watu na pikipiki, jina lake ya benchi ni Fusible, ju anaunguaka mbele ya kuuliza. Kuku iko na mashini yake mu tumbo tangu Adamu. Uliona kuku yenye bouton ya kuwasha?

Magloire akatoka. Ni mutu mwenye sauti ya chini. Mu korali wanamuwekaka mustari wa mbele, na bado hatumusikie.

— Mama, jana joto ilikuwa trente-sept na nusu, makumi tatu na saba na nusu. Hata watu wa radio waliona.

— Jana. Leo nimeamuka iko trente-deux, makumi tatu na mbili. Nimeipatia blanketi yangu, mi nikabaki na kitenge.

Hapo hatukucheka. Tangu turudi mu kijiji toka kambi ya wakimbizi, avenue yetu haikukuwa na kuku hata kumi. Nyumba tano zilimupatia Mama Thacienne mayai makumi tatu, aangulie watu wote, tuanze tena. Ile ilikuwa siku ya kumi na tisa. Mayai ikikufa, njo yeye atabisha hodi kwa milango tano kueleza.

Magloire akafungua sanduku. Taa mbili za gari, zenye zingepasha mayai joto, zilikuwa nyekundu kidogo, kama sigara ya mutu anasinzia. Fusible akagusa kidude cheusi pembeni, akarudisha kidole mu kinywa.

— Inachoma. Mayai iko baridi, hii nyeusi njo iko moto. Ingénieur, ungeweka hii kitu yenyewe ilalie mayai.

— Ni transistor ya puissance, Magloire akasema. Njo mulango. Courant inatoka kwa batri, inapitia pale, inaenda kwa taa. Hii kacarte kadogo inapima joto, inaambia mulango: funguka, ao funga.

— Na mulango umekataa? Procès-Verbal akauliza.

— Haijakataa. Imefunguka nusu.

— Ile njo mubaya kuliko kukataa, nikasema mi. Mu kambi, siku ya unga, walifunguaka mulango nusu. Tulisukumana pale mpaka shati ikapasuka. Joto yote ilibaki kwa mulango, unga hatukuiona.

— Njo vile, Magloire akasema. Courant inasukumana mule ndani.

— Lakini jana ilifunguka yote. Jana nani aliiamuru? nikauliza.

Magloire akaangalia viatu vyake.

— Watu wa radio walikuwa na haraka. Nikagusisha waya toka batri moja kwa moja kwa ile mulango. Volti kumi na mbili. Transistor ya kwanza iliungua jana, nikaweka hii; niliitoa mu convertisseur, mashini ya kugeuza courant, yenye ilishakufa. Ile haifungukake yote bila volti kumi.

— Na kacarte iko na ngapi? nikauliza tena.

— Tatu na kidogo.

Fusible akapiga paja.

— Donc mbele ya radio chef mwenyewe alipiga mulango. Radio ikienda, ukatuma mutoto aseme: fungueni, niko chef.

Mama Thacienne hakucheka. Alikuwa anakunja blanketi juu ya mayai.

— Magloire, siku ulienda kuomba Colette kwao, weye ulisema nini?

— Sikusema kitu, Mama. Bwana-arusi hasemake.

— Nani alisema?

— Papa Sebarenzi.

— Ulimunong'oneza kwa sikio, na yeye akasema mbele ya ukoo yote na nguvu yake. Sasa kacarte yako inanong'ona. Hauna musemaji ya kuipatia?

Magloire akaingia, akatoka na radio ya zamani yenye ilishakufa, akatoa ndani yake transistor kadogo kama mbegu ya haragi.

— Hii, volti tatu inamutosha. Yeye atasikia kacarte, na atasema kwa mukubwa na volti za batri.

Akaunganisha. Taa zikazimika kabisa. Mama akafunga macho. Fusible akainama kuangalia, kikombe chake cha chai ya moto kikakaribia ile waya ya kupima joto, na taa zikawaka nyeupe kama mutakatifu.

— Ikisikia joto inawasha, Magloire akasema polepole. Ikisikia baridi inazima. Musemaji huyu anageuzaka maneno.

— Huyo ni Papa Sebarenzi kabisa, Fusible akasema. Weye ulinong'ona kama hautaki kukaa karibu na wakwe. Yeye akasimama, akasema kijana yetu anapenda wakwe sana. Leo mama-mukwe anakuuliza chumvi juu ya ukuta ya lupango.

— Ilikuwa kwa faida ya ndoa, Procès-Verbal akasema. Na upande wa bibi-arusi kulikuwa na musemaji wao. Yeye njo alikuwa anarudisha maneno yangu mu njia.

Magloire akamuangalia, akarudi kwa ile radio, akatoa kadogo ka pili. Akaweka wote wawili, mumoja nyuma ya mwingine. Mumoja ageuze, mwingine arudishe.

Taa zikawaka. Fusible akagusa ile nyeusi na kidole kingine, akaiacha pale: haikuchoma. Joto ikapanda: trente-trois. Trente-cinq. Kwa trente-sept na nusu taa zikazimika zenyewe, kisha zikawaka zenyewe.

Mama Thacienne akachukua yai moja, akaiweka kwa sikio. Akaishika pale muda mrefu.

— Kifaranga inagonga, akasema.

— Inasema nini? Fusible akauliza, sauti chini kama ya Magloire.

— Inauliza ni nani aliizimia moto asubui.

Fusible akakumbuka kuko mutu anamungojea kwenda Walikale. Procès-Verbal akakumbuka mukutano wenye hakuna mutu aliuita. Mi nikachomoa simu yangu, nikaaga vizuri. Simu ilikuwa bado kwa asilimia tisa.